Uji wa Ukwaju Kabla ya Mbio

Naandika haya kwa ajili yako unayekimbia huku kifua kinakuungua, na bado hujamwambia mtu. Mimi si daktari, na sitakueleza tumbo linavyofanya kazi. Hayo waulize waliosomea. Nitakueleza yaliyonipata kuanzia masika moja hadi wiki chache kabla ya Krismasi ya mwaka huohuo, miaka ile ya tisini mashirika ya umma yalipokuwa yanauzwa na kila mtu Mwanza anatembea akiulizia nani kabaki kazini. Nimepona kiasi cha kuweza kusimulia bila kulia. Kwa hasira siahidi.

Naitwa Adelina, nyumbani wananiita Lina, Mhaya wa Muleba. Kwenye karatasi nilikuwa mfumaji katika kiwanda cha nguo. Ukweli ni kwamba niliajiriwa kwa sababu ya miguu. Enzi zile kila shirika lilikuwa na timu zake, na ukikimbia vizuri unapewa kazi, unakimbia alfajiri kabla ya zamu, saa nne unaruhusiwa kutoka kwenye mashine, unakwenda tena mazoezini, na mshahara unaupata kama wengine. Wafumaji waliobaki na kelele za mashine walitutania kwamba tunalipwa kwa kutoa jasho barabarani. Tuliwajibu waje tubadilishane, wakacheka, na hakuna aliyekuja.

Tulikuwa wanawake kumi na mmoja chini ya Kocha Masanja, mtu mfupi mwenye filimbi shingoni hata siku ya Jumapili kanisani.

Moto ulianza masika, kwenye mlima wa Mkuyuni. Nilikuwa nimezoea mlima ule. Siku hiyo nilipofika katikati, kitu kikapanda kutoka tumboni, kikapita nyuma ya mfupa wa kifua na kusimama kooni. Maji makali, machachu, yaliyonitia meno ganzi. Nilimeza, yakarudi. Nikameza tena. Nilipofika juu nilikuwa nimeshika kifua kwa mkono mmoja huku wenzangu wanafikiri nimebanwa na pumzi.

Kiungulia nilikijua, nani hakijui? Lakini kiungulia changu cha zamani kilikuwa cha kukaa na kucheua baada ya maharage. Hiki kilinisubiri nianze kukimbia. Nikitembea kinatulia. Nikiongeza mwendo kinapanda, na nikifika kilomita ya tano au ya sita ninakuwa nimekunywa tumbo langu mwenyewe.

Nikafanya kama wanawake wengine wanavyofanya. Nilinunua udongo sokoni, ule wa vipande vya kijivu, nikawa nautafuna kabla ya mazoezi. Ulinipoza kidogo. Nilificha vipande viwili mfukoni mwa gauni, na siku ya kufua mama mkwe akavikuta.

Nimtambulishe mama mkwe. Mume wangu Deus ni Msukuma wa Magu, na mama yake alikuja kuishi nasi Mkolani tulipofunga ndoa. Tulimwita Mayu, kama Wasukuma wanavyomwita mama. Ni mtu wa maneno machache. Mwaka wa tatu wa ndoa bila mtoto, hakuwahi kuniuliza swali hata moja, na kwa hilo nilimpenda. Siku hiyo aliniwekea vile vipande vya udongo kiganjani, akavifunika kwa vidole vyangu mwenyewe, akatabasamu.

"Tangu lini, mwanangu?"

"Mayu, ni kiungulia tu."

"Ndiyo. Ni kiungulia tu," akasema, akacheka peke yake hadi jikoni.

Kesho yake saa kumi na moja alfajiri nikakuta kikombe kikubwa cha bati mezani, kimefunikwa sahani. Uji wa ulezi, umetiwa ukwaju mpaka umekolea, kama wanavyoupenda kwao. "Huu unakata kichefuchefu," akasema. "Kunywa wote ndiyo uende kukimbia. Polepole lakini."

Nilikunywa wote. Nilipaswa kumwambia kwamba sina mimba. Lakini Deus alikuwa ameamka anapiga mluzi, na ilikuwa miezi mingi sijamsikia akipiga mluzi. Nikajiambia huenda ni kweli, mwili wangu umenificha. Nikavaa viatu, nikaondoka.

Wiki tatu baadaye damu ikaja kama kawaida yake. Nilifua nguo zangu nyuma ya nyumba, Mayu akaniona akiwa mlangoni, akarudi ndani. Ila uji uliendelea kuja kila alfajiri, kikombe kilekile, ukwaju uleule, na sasa nilikunywa kwa sababu ya aibu.

Kiangazi kilipoingia nilikuwa nimebadilika. Nilikohoa usiku kila nikilala chali. Sauti ilikwaruza asubuhi hadi saa nne. Chakula nilikiogopa, basi nikala kidogo, na mwili ukapungua. Sketi ya kazini niliipunguza kiunoni mara mbili. Kocha Masanja alinitazama nikitema mate kando ya barabara, akatoa ushauri aliompa kila mtu.

"Kaza tumbo, Lina. Tumbo linacheza, ndiyo maana linatapika. Funga kibwebwe."

Hilo lilikuwa jambo letu sisi wa kiwandani. Wanawake wa chumba cha mashine husimama kwa saa nane mfululizo, na kila mmoja huzungusha kipande cha kitambaa kiunoni na tumboni, anakivuta kwa nguvu ili mgongo usichoke. Vitambaa vile vilikuwa vya kiwanda, mabaki ya mwisho wa jora. Sisi wakimbiaji tulivifunga chini ya fulana vilevile. Nikakifunga changu mara mbili, nikamwomba mwenzangu Rehema avute huku ameweka goti mgongoni mwangu. Nilipokuwa nakimbia nilijisikia nimesimama imara. Moto uliongezeka, na mimi nikafikiri sijakaza vya kutosha.

Mwezi wa saba tangazo likabandikwa getini. Kiwanda kimepata mnunuzi. Nani angenunua vitenge vyetu wakati marobota ya mitumba yamejaa hadi barabarani? Hata viatu nilivyokimbia navyo vilikuwa vya mitumba, na nilivivaa nikijua ninachokifanya. Mnunuzi alikubali kubaki na wakimbiaji wanawake wanne. Watapatikana kwa mbio za mchujo mwishoni mwa mwaka, kutoka uwanja wa mjini hadi shule ya msingi Buhongwa. Na kila mmoja alete cheti cha afya.

Nilisoma mara tatu. Miguu haikunitia shaka, hata nikiumwa ningeweza kuwa wa nne. Kilichonikaa rohoni ni mstari ule wa mwisho, kwa sababu kufikia hapo watu walikuwa wameanza kunitazama.

Utaelewa kama uliishi miaka ile. Mtu akikonda, akikohoa, watu hawamwulizi tena habari ya nyumbani. Wananyamaza akiingia. Na mimi natoka Kagera, na kila mtu alijua Kagera imezika watu wangapi kwa ukimwi. Kaka yangu mkubwa nilimzika mimi mwenyewe. Siku moja bombani jirani mmoja akamwambia mwenzake, bila kushusha sauti, "Si anatoka kule kwao? Basi." Nilijaza ndoo yangu hadi ikamwagika, nikaibeba, na mguu wangu mmoja ukamkanyaga kidole. Sikuomba radhi.

Kupima pale mjini nisingeweza. Foleni yote ingekuwa na watu wa kiwandani. Nikaamua kuvuka. Nilimwambia Deus nakwenda Sengerema kumwona dada wa kikundi chetu cha kanisa, nikapanda kivuko. Magugu maji yalikuwa yameziba gati, tukakaa ziwani zaidi ya saa moja huku mashine inakoroma na kuzima. Niliinama ukingoni kwa sababu ya kiungulia, mama mmoja akanipigapiga mgongo, akanipa ndizi mbivu. Nikaila yote palepale, na haikunirudi. Hicho kilikuwa chakula cha kwanza kutulia wiki ile nzima.

Hospitali ndogo niliyokwenda ilikuwa na benchi moja refu la saruji nje. Benchi lile nalijua kuliko kitanda changu. Ukiitwa mbele, wote mnasogea nafasi moja, na unakalia joto la mtu aliyetangulia. Hakuna aliyemwuliza mwenzake anaumwa nini. Tabibu alikuwa mama wa makamo, Mama Nyamizi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinisikiliza, akaandika: makohozi siku tatu, picha ya kifua, damu. Nirudi baada ya wiki mbili.

Nilirudi nyumbani na karatasi ndani ya sidiria. Deus aliikuta. Alikuwa ametoka kazini, kiwanda cha minofu ya sangara, bado ananuka samaki, akanyoosha ile karatasi mezani kwa kiganja.

"Makohozi naelewa," akasema. "Damu ya nini, Lina?"

"Waulize majirani zako. Wao wanajua."

"Nakuuliza wewe."

"Na mimi nimwulize nani? Tangu unioe nimekuwa na nani mwingine?"

Mayu alikuwa jikoni na sufuria likaacha kulia. Deus alichukua mkeka akaenda kulala sebuleni, na wiki nzima ile tuliongea habari za chumvi na mafuta ya taa tu. Niseme wazi: nilimchukia. Nililala nimeketi, mto nyuma ya mgongo, nikihesabu siku zilizobaki. Mchana nilikimbia na moto wangu, nikapitwa na wasichana niliowafundisha kufunga kamba za viatu.

Siku ya majibu ilipofika, nikakuta Deus amesimama getini kwenye kivuko, amevaa shati la harusi.

"Hukwenda kazini?"

"Nimeomba ruhusa." Akatazama maji. "Kama ni hivyo, ni wawili. Siwezi kukaa nyumbani nasubiri uje uniambie."

Tulikaa kwenye lile benchi tukasogea pamoja, nafasi kwa nafasi. Alinishika mkono mbele za watu, jambo ambalo hajawahi kulifanya tena mpaka leo. Nilipoitwa, aliinuka pamoja nami, tukaingia.

Mama Nyamizi alitoa karatasi. "Kifua safi. Makohozi safi. Damu safi."

Deus alifunika uso. Mimi nilikasirika. Ndiyo, nilikasirika! Miezi mitano nimeungua, nimesemwa, nimekonda, halafu naambiwa safi. Nikauliza, "Sasa mimi ninaumwa nini?"

Yule mama akavua miwani. "Unaungua ukikaa?"

"Kidogo. Nikikimbia ndiyo zaidi."

"Basi kimbia."

"Wapi?"

"Hapo uani. Zunguka mpaka kianze."

Nikazunguka uani mara kumi, mara ishirini, wagonjwa wote wa benchi wamegeuka kunitazama, kuku wanakimbia mbele yangu. Kikaanza. Nikasimama nimeshika kifua. Akaja, akainua fulana yangu kidogo, akaona kibwebwe. Akaingiza kidole, hakikuingia.

"Nani alikufunga hivi?"

"Mwenzangu, kwa amri ya kocha. Sote tunafunga."

"Fungua." Nikafungua. Tumbo likashuka, nikavuta pumzi niliyokuwa sijaivuta tangu mwezi wa tano. "Na asubuhi unakula nini kabla ya kukimbia?"

"Uji."

"Uji gani?"

Nikamwambia. Ukwaju, kikombe cha nusu lita, saa kumi na moja, na saa kumi na mbili kamili niko barabarani. Hakucheka. Alisema tu, "Unamwagia chachu juu ya chachu, halafu unaikamua kwa kitambaa." Akanipa dawa nyeupe ya kunywa na vidonge vya kumeza jioni kwa wiki sita. Kitanda nikiinue upande wa kichwa kwa matofali. Nisile chochote kwa muda wa saa tatu kabla ya mbio. Ndizi, wali, viazi, ndiyo. Ukwaju, ndimu, pilipili, chai ya rangi kutwa nzima, hapana. Kibwebwe, marufuku. Na cheti changu cha afya akakipiga muhuri.

Kwenye kivuko tukicheka kama watoto, Deus akasema, "Sasa uji wa Mayu tutaufanyaje?" Tukaacha kucheka.

Hapo ndipo nilipokosea, na ndiyo sababu hasa ya kuandika haya. Dawa nilikunywa. Matofali nilibeba mwenyewe. Kocha nilibishana naye mpaka akarusha filimbi chini, akasema nikianguka asilaumiwe, na nikakimbia bila kibwebwe. Lakini Mayu sikumwambia kitu. Ningemwambiaje? Kwamba kile alichoamka kunipikia kila alfajiri tangu masika ndicho kilichoniunguza? Mhaya anayekataa uji wa Kisukuma, tayari nilikuwa nasikia watakavyosema, maringo. Basi kila asubuhi nikawa natoka na kikombe nje kama nakunywa nikijinyoosha, namwaga kwenye shina la mpapai.

Vuli ilianza. Wiki ya tatu ya dawa kikohozi kikakata. Wiki ya nne nikakimbia hadi kilomita ya nane ndipo kifua kikaanza kunong'ona, na nilipopunguza mwendo kikatulia. Nikajifunza kukisikiliza mapema. Nilianza kuwapita tena wale wasichana.

Asubuhi moja ya mvua nilipogeuka na kikombe kitupu, Mayu alikuwa amesimama chini ya upenu.

"Mpapai unakunywa vizuri," akasema.

Zilikuwa zimebaki siku kumi kabla ya mbio. Nilikuwa na hofu, nilikuwa na njaa, na badala ya kupiga magoti nikapaza sauti. "Mayu, uji wako unaniumiza! Miezi yote hii unaniumiza!"

Alichukua kikombe mkononi mwangu. "Nimekukosea nini, Adelina?" Alikuwa hajawahi kuniita Adelina. Kuanzia siku ile meza ya alfajiri ilikuwa tupu. Shikamoo aliitikia, "Marahaba," akageuka. Deus alijaribu kuzungumza naye, sikujua walizungumza nini, na kwa kiburi changu sikuuliza.

Siku ya mchujo tulianzia uwanjani mjini, kumi na mmoja, mawingu mazito na barabara imelowa. Nilikuwa nimekula ndizi za kuchemsha jana yake kabla jua halijazama. Rehema alikuwa amefunga kibwebwe chake, akakitazama kiuno changu akatikisa kichwa. Igogo nilikuwa wa saba. Mlima wa Mkuyuni nikapanda taratibu, nikiisikiliza chachu ikikaa chini, nikawa wa tano. Nyegezi nikampita Rehema. Alikuwa amejikunja, ameshika ubavu. Wa nne.

Nyuma yangu nilisikia viatu vya mtu. Sikugeuka. Zilibaki kama kilomita tatu, barabara inapanda, na tulikuwa tunaingia Mkolani.

Kifua kikaanza. Sio sana. Joto tu, chini ya mfupa. Nikajua nina nafasi ya kukosea mara moja, na si zaidi.

Ndipo nikamwona Mayu. Alikuwa kando ya lami mbele ya njia ya kwetu, amevaa kitenge chake cha kanisani, na mkononi ana kile kikombe cha bati kimefunikwa sahani. Majirani wote walikuwa pale, hata yule wa bombani. Akafunua sahani. Akasogea hatua moja barabarani, akanyoosha kikombe kwa mikono miwili, kama anavyompa mtu anayemheshimu.

Koo lilikuwa limekauka. Nikaona yote kwa mara moja: nikinywa, nitatapika kabla ya kona, na kazi imekwenda. Nisipokunywa, mbele ya Mkolani nzima, nimemkataa mama wa mume wangu. Viatu vya nyuma yangu vilikuwa karibu. Macho yake yalikuwa kwenye macho yangu. Nikatikisa kichwa, nikapita. Niliona mikono yake ikibaki hewani.

Nilimaliza wa nne. Kocha Masanja alipiga filimbi hadi ikakwama, mtu wa ofisini akaandika jina langu, na wenzangu wawili waliomaliza nyuma yangu wakakaa chini kwenye matope ya uwanja wa shule wakilia. Nilikaa nao. Kazi ile niliifanya miaka minne zaidi, na kiungulia kimebaki mgeni anayepita mara mojamoja. Kama ulikuja hapa kutafuta kama inawezekana kukimbia tena, jibu ni ndiyo.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Mayu alikuwa ameketi kwenye kigoda upenuni, kikombe mbele yake chini, kimefunikwa. Nikapiga magoti kwenye udongo uliolowa.

"Shikamoo, Mayu."

"Marahaba. Umekuwa wa ngapi?"

"Wa nne."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akafunua sahani. Ndani yalikuwa maji. Maji meupe, ya kuchemshwa, yaliyokwisha kupoa. Chini ya kikombe niliona hadi mikwaruzo ya bati, lilivyosuguliwa kwa mchanga kutoa harufu yote ya ukwaju.

"Deus aliniambia," akasema. "Siku ileile ya mpapai. Nilikuwa nakusubiri wewe uje unieleze."

Mwambie anayekupikia, ndugu yangu. Mwambie kabla hujamwambia daktari. Mimi nilikichukua kile kikombe kwa mikono miwili, nikanywa maji yote, huku yeye ananitazama.